Uliza Bibi Nesi: Tumelipia nesi, kaletwa nani?

Mwezi huu nimeziweka kando barua za presha na za watoto wasiokula. Tangu nilipoandika kuhusu mgonjwa wa kiharusi anayeruhusiwa kurudi nyumbani, simu yangu haitulii, na karibu kila anayeandika ana swali lile lile: tumetafuta mtu wa kumwangalia mzee, tumelipa, sasa hatujui tumempata nani. Nimechagua barua nne. Majina nimeyaficha, na palipotajwa kampuni nimepafuta, maana upande wa pili sijausikia.

Shikamoo Bibi Nesi. Baba yetu ana miaka 71, amepata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu. Aliporuhusiwa hospitali tulichukua mtu kwa wakala mmoja hapa Dar tuliyemwona Instagram. Tulilipa shilingi 300,000 za "usajili" na 450,000 za mwezi wa kwanza, tukaahidiwa nesi mzoefu. Binti akaja na koti jeupe na mashine ya kupimia presha. Wiki ya pili tu, baba ana kidonda kisiginoni na ngozi ya makalio imeanza kuchubuka. Kaka alipombana, binti akasema aliishia kidato cha nne, wakala alimfundisha siku tatu, na yeye mwenyewe alitozwa 50,000 ili apewe kazi. Wakala anasema pesa hairudi, atatubadilishia mtu. Kaka anataka binti aondoke leo bila hata senti. Haki yetu ni ipi? – Binti wa Mzee, Kimara

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Tuanze na kisigino, sheria itasubiri dakika tano. Chukua mto, uweke chini ya muundi wa mguu ule mbovu, kisigino kining'inie hewani kisiguse kitu. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na muandike kwenye daftari saa ngapi na upande gani. Kesho mpate muuguzi au daktari akione hicho kidonda kwa macho, asitumiwe picha. Msipake asali wala dawa ya meno. Ndiyo, dawa ya meno, nimeiona.

Sasa tuje kwa wakala. Neno "nesi" watu wanalitumia kama tunavyoitana "mwalimu" au "injinia" mtaani, lakini kisheria si neno la heshima. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, anayefanya kazi ya uuguzi lazima awe amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na awe na leseni iliyo hai. Kwa hiyo mtu akikuambia anakuletea nesi, huna haja ya kubishana naye kuhusu uzoefu. Omba jina kamili kama lilivyo kwenye cheti, namba ya usajili na nakala ya leseni, kisha uliza Baraza lenyewe, halafu ulinganishe na kitambulisho cha taifa, cha NIDA, cha yule aliyesimama mlangoni kwako. Hatua hiyo ya mwisho wengi wanairuka. Nimewahi kuoneshwa leseni safi kabisa, ila ilikuwa ya mtu mwingine. Koti jeupe linauzwa Kariakoo kama zinavyouzwa sare za shule.

Lakini naomba nikuulize na wewe: mlihitaji nesi kweli? Baba akiwa na mpira wa mkojo, au mpira wa puani wa kulishia, au sindano za insulini, au kidonda cha kusafisha, hapo ndiyo, muuguzi anahitajika, japo mara nyingi anatosha wa kuja mara mbili tatu kwa wiki na kuondoka. Kuogeshwa, kulishwa, kubadilishwa pampasi, kugeuzwa na kusindikizwa mazoezi ni kazi ya mlezi aliyefundishwa vizuri, asiye na leseni, na si dhambi. Na kupika ugali wa nyumba nzima na kufua mashuka ya wajukuu ni kazi nyingine kabisa, ya dada wa kazi. Familia nyingi hutaka mtu mmoja wa zote tatu, kwa bei ya ile ya tatu. Wakala anaijua hiyo tamaa, na hapo ndipo anapowapatia.

Pesa yenu. Sheria ya Ushindani ya 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma anayouza. Kuuza binti wa siku tatu kwa jina la nesi mzoefu ni kupotosha, sioni namna nyingine ya kukuita huko. Hifadhini lile tangazo la Instagram leo hii kabla halijafutwa: piga picha ya skrini, ionekane tarehe na jina la ukurasa. Wekeni pamoja meseji za muamala na zile sauti za WhatsApp. Mwandikieni wakala barua, nasema barua, mkitaja tarehe, kiasi, mlichoahidiwa na mlicholetewa, na mpeni siku kadhaa arudishe. Akikaa kimya, nakala moja iende Tume ya Ushindani, FCC, nyingine Baraza la Uuguzi kwa habari ya mtu aliyetambulishwa kama muuguzi, na nyingine Ofisi ya Kazi. Madai ya 750,000 Mahakama ya Mwanzo inayasikiliza, tena kwa Kiswahili, kwa hiyo msitishwe na mtu anayesema "tutaonana kwa mawakili".

Kwa nini Ofisi ya Kazi? Kwa sababu anayetafutia watu ajira kwa malipo lazima awe na leseni ya Kamishna wa Kazi, na kwa kanuni za mawakala binafsi wa ajira za 2014 haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi. Zile 50,000 alizotozwa binti ndizo zitakazomtia wakala wako jasho kuliko hata zenu. Msimfukuze shahidi.

Na hapa ndipo ninapokosana na kaka yako. Binti kafanya kazi siku kumi na kitu, amelala chini ya kitanda cha baba yenu, amebeba kinyesi. Hakuwadanganya yeye; aliyewadanganya alikaa ofisini. Siku zake alizofanya alipwe, zote. Uliza pia katika ile 450,000 yeye alikuwa anafikiwa na kiasi gani. Kila ninapouliza swali hilo huwa najibiwa theluthi, na wakati mwingine pungufu. Kanuni hizo za 2014 zinamweka wakala kuwa kiunganishi, hazimfanyi mwajiri wa kukodisha watu. Anayempangia binti saa za kuamka na cha kufanya ni nyinyi, kwa hiyo mjihesabu kuwa ndio waajiri, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawahusu sebuleni kwenu kama inavyomhusu mwenye kiwanda Mikocheni.

Sheria hiyo inataka maelezo ya ajira yawe kwa maandishi: jina, kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, saa za kazi, malipo na namna yanavyokokotolewa. Kukiwa na ugomvi na karatasi haipo, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unamwangukia mwajiri. Watu hudhani wakikwepa kuandika wamejilinda, kumbe wamejivua nguo.

Mimi mwenyewe nilivuliwa. Mwaka 2016 mama yangu, kule Muheza, aliteguka nyonga. Nilikuwa bado kazini, zamu za usiku. Nikampata mama mmoja jirani, mwenye huruma, mikono mizuri. Hatukuandika kitu, tulikubaliana kwa mdomo "utakuwa naye". Utakuwa naye! Alikuwa naye saa ishirini na nne, siku saba. Mama usiku alikuwa anaita kila saa, mara maji, mara choo, mara "nani yuko dirishani". Wiki ya sita, usiku wa manane, yule mama akafunga kanga zake akaondoka. Asubuhi nilimkuta mama sakafuni, baridi, shavu limebandika kwenye saruji. Nililaani sana. Baadaye nikakaa nikahesabu: sheria inasema saa 45 kwa wiki, tisa kwa siku, zinazozidi hapo zilipwe mara moja na nusu, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuna nyongeza ya asilimia tano, na kila wiki saa 24 za kupumzika mfululizo. Wiki nzima ina saa 168. Mimi nesi wa wodini, niliyekuwa nagomba muuguzi mkuu akiniongezea zamu moja, nilimfanyisha mwenzangu zamu tatu kwa mpigo na sikuona.

Kwa hiyo, Binti wa Mzee, kabla ya kumtafuta mwingine kaeni watoto wote na kalamu. Nani wa usiku? Kama ni mmoja wenu, sawa, aandikwe jina. Kama ni mtu wa kulipwa, basi ni mtu wa pili. Kiwango cha chini cha mshahara msikitoe kichwani: amri ya 2022 iliweka 60,000 kwa mtumishi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri na 120,000 kwa asiyelala, na viwango vya sekta binafsi vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026. Ofisi ya Kazi watawapa kilichopo. Lakini hicho ni kima cha chini cha mtu wa kufagia na kupika. Anayemgeuza baba yenu saa nane usiku ana kazi nyingine, na mkimlipa kwa kipimo hicho mtampata wa kipimo hicho. Ongezeni mchango wa NSSF, asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na yeye asikatwe zaidi ya nusu ya mchango huo, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambayo ni ya mwajiri peke yake. Mgongo wa mlezi unaumia kweli. Wa kwangu mpaka leo hauinami.

Akija wa kumjaribu, msimhoji sebuleni kwa soda. Mpelekeni chumbani kwa baba, mseme tu, "Tunaomba umgeuze." Halafu nyamazeni, mtazame. Anamsalimia mzee kwanza au anawaangalia nyinyi? Anamwambia anachotaka kufanya kabla hajamgusa? Anashika bega na nyonga, au anavuta ule mkono uliolegea kama kamba ya mbuzi? Mkono wa mgonjwa wa kiharusi ukivutwa hivyo bega linachomoka. Baadaye mpeni uji amlishe. Anayejua atamkalisha wima kwanza, kijiko kidogo, atasubiri ameze, ataangalia kama uji umebaki kwenye shavu la upande ulioshikwa. Asiyejua atamnywesha akiwa amelala, na mzee atapaliwa. Dakika kumi hizo zinanitosha. Vyeti navisoma baada ya hapo.

Bibi Nesi, habari za Tanga. Mimi ni mlezi wa wazee hapa Sacramento, California, mwaka wa sita sasa. Mama yangu yuko Moshi, ameanza kusahau. Ndugu wamempata dada wa kukaa naye, mimi ndiye ninayetuma pesa. Huku, kabla sijamgusa mgonjwa, nilichukuliwa alama za vidole, nikapimwa kifua kikuu, nikafundishwa, jina likaingia kwenye daftari la serikali. Nyumbani hata jina la pili la huyo dada sijaambiwa. Nataka kufunga kamera chumbani kwa mama. Unanishaurije? – Mtoto wa Mama, Sacramento

Salama mwanangu, Tanga joto tu. Wasomaji wengine wajue kwanza unachokizungumzia, maana nimekuwa nikikitamani. California walitunga sheria mwaka 2013 ya kumlinda mlaji wa huduma za nyumbani, ikaanza kufanya kazi Januari 1, 2016. Kampuni ya kupeleka walezi majumbani lazima iwe na leseni ya Idara ya Huduma za Jamii ya jimbo. Lazima iwe na bima ya dhima, yaani ya kumlipa aliyedhurika kwa kosa lao, ya dola milioni moja kwa tukio na milioni tatu kwa jumla, bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini, na dhamana ya dola 10,000 ya kufidia mteja akiibiwa na mfanyakazi wao. Mlezi wao anachunguzwa kwa alama za vidole, anapimwa kifua kikuu, anapewa saa tano za mafunzo kabla ya kuanza na tano nyingine kila mwaka, na mteja anaweza kulihakiki jina lake mtandaoni. Saa tano si kitu, sisi tulisota miaka. Kinachonivutia ni lile daftari: mtu wa kawaida, mtoto wa mgonjwa, anaweza kulifungua mwenyewe.

Ila usiwasimulie ndugu zako kana kwamba huko kila mlango umefungwa. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba familia ikimchukua mlezi moja kwa moja, bila kampuni, usajili ni wa hiari yake. Na sheria hiyo inahusu kuogesha na kulisha, kazi ya kitabibu ina leseni zake Idara ya Afya ya Umma. Pengo lenu na letu ni moja: mtu aliyeletwa na jirani.

Basi lichukue daftari la California ulifanye la nyumbani kwenu. Alama za vidole: Jeshi la Polisi hutoa hati ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu, gharama lipa wewe, usimbebeshe dada. Kitambulisho cha NIDA, piga picha pande zote mbili. Barua ya serikali ya mtaa anakotoka, si anakoishi sasa. Wadhamini wawili, mmoja awe aliyewahi kumwajiri, na huyo umpigie mwenyewe kutoka huko huko. Usimuulize "ni mtu mzuri?" maana Mtanzania hatasema mtu ni mbaya. Muulize, "Ungemchukua tena umwachie mama yako?" kisha usikilize ukimya kabla ya jibu.

Kifua kikuu apimwe, hospitali za serikali ni bure, na mama apimwe pia kwa haki ya huyo dada. Virusi vya UKIMWI hapana. Sheria ya 2008 imekataza kumlazimisha mtu kupima, na sheria ya ajira inakataza kumbagua mtu kwa hali yake. Nimeona familia zenye shahada ukutani zikidai karatasi hiyo kama sharti la kazi. Wala mimba usimuulize.

Kamera. Nakuelewa, usiku wa kwako ni mchana wa mama. Lakini mwambie dada kabla haijafungwa, aandike kwamba amejua, na mwambie inaangalia wapi na nani anatazama. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na picha ya mtu ni taarifa yake. Bafuni isifike, na isimlenge mama anapobadilishwa nguo. Umemuuliza mama? Anasahau, sawa, lakini leo bado ana mawazo yake. Mwanamke wa Kichaga wa umri huo kutazamwa na mwanawe akiwa bila gagulo, sidhani.

Na nikuandae kwa jambo moja ambalo kamera itakusaidia kweli. Mama atasema anaibiwa. Ni ugonjwa unaosema. Atasema kanga zake zimechukuliwa, hela ya kanisani imechukuliwa, na zote ziko chini ya godoro au ndani ya sufuria. Walezi wangapi wazuri wamefukuzwa kwa godoro! Kwa hiyo siku ya kwanza, dada, mama na ndugu mmoja wapite chumbani na daftari, waandike kilichopo, wote waweke sahihi. Kadi ya benki na namba ya siri ya simu ya mama visikae kwa dada, hata kama ni wa kutumwa maharage. Ndugu anayeaminika apokee hela ya matumizi kila wiki, na risiti zibandikwe kwenye daftari. Ukishamwekea mtu mkoba wazi mbele yake, usishangae. Na asipogusa, hutakuwa na namna ya kujua.

Shikamoo Bibi. Ninamwangalia babu mmoja Mbezi mwaka na miezi miwili sasa, nalala hapo hapo, mshahara 150,000. Sijawahi kupewa likizo. Sasa wanataka niwe nambadilishia babu mpira wa mkojo, kijana wao kanionyesha video. Mwezi jana simu ya mama mwenye nyumba ilinidondoka kwenye ndoo, nikakatwa 90,000. Nikisema, naambiwa geti liko wazi. – Mlezi, Mbezi

Marahaba mwanangu. Mpira usiuguse. Kumwaga mkojo kwenye mfuko, kuandika kiasi na rangi, kuosha kwa sabuni mahali unapoingilia, hiyo ni kazi yako. Kuuchomoa na kuingiza mwingine ni kazi ya mwenye leseni. Ukichana njia ya mkojo ya babu utachuruzika damu wewe na yeye, na video haitafika mahakamani kukutetea. Waambie kwa adabu, "Naomba muuguzi aje, mimi nitamshikia taa."

Simu: mwajiri haruhusiwi kukata tu. Uharibifu uwe umetokea kazini kwa kosa lako, akuandikie kiasi na alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, wewe ukubali kwa maandishi, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 150,000 ni 37,500. Wamekukata zaidi ya nusu. Na likizo ni siku 28 zenye malipo kwa kila mwaka wa kazi, za mwaka wako wa kwanza unazidai tayari.

Madai ya makato peleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Wakikufungulia kweli hilo geti, siku zinapungua kuwa 30 tangu kuachishwa, kwa hiyo usiende kijijini kwanza ukapumzike. Unalipwa kwa mwezi, basi una haki ya notisi ya siku 28 au malipo yake, na kwa kuwa umevuka mwaka, kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, isipokuwa umeachishwa kwa utovu wa nidhamu. CHODAWU ni chama cha watu wa kazi kama yako, watakusaidia kujaza fomu. Anza leo kuandika: tarehe, umeamka saa ngapi, umelala saa ngapi. Hata nyuma ya kalenda.

Bi Nesi, salamu kutoka Nyali. Nimepata muuguzi wa kumtunza mamangu kupitia ofisi fulani Mombasa. Wanasema amesajiliwa. Sheria zenu za Tanzania Bara zinanihusu? – Msomaji, Mombasa

Hazikuhusu, wala ndugu zangu wa Unguja na Pemba haziwahusu. Wao wana Sheria yao ya Ajira Na. 11 ya 2005. Kwenu Kenya anza na Baraza la Wauguzi la Kenya, unaweza kumtafuta muuguzi kwa jina au namba kwenye tovuti yao, dakika mbili. Cheti cha mwenendo mwema kinaombwa kupitia eCitizen. Akikaa miezi mitatu au zaidi mkataba uwe wa maandishi, siku moja ya mapumziko katika kila saba, na likizo ya siku 21 kwa mwaka. Ofisi ikikudanganya, mna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na mna kitu ambacho nawaonea wivu: Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 60. Ila lile jaribio la kumgeuza mgonjwa halihitaji mahakama. Lifanye kesho.

Binti wa Mzee wa Kimara, nimekuandikia pia kwenye simu. Kisigino kikigeuka cheusi au kikitoa harufu, au baba akipata homa, msingoje toleo lijalo wala jibu la wakala. Mpelekeni usiku huo huo.